Mashine Zinazobahatisha: Kutoka Brussels Hadi Kampala

Wengine husafiri kufuata mpira, wengine makanisa na majumba ya kale. Mimi hufuata mashine za muziki, tena za namna moja tu: zile zinazopanga noti zenyewe na kuzibadilisha kidogo kidogo bila kungoja amri ya mtu. Mashine za kupanga noti wenyewe huziita sikwensa. Sikwensa ya kawaida ni kitu kitiifu. Unaiwekea hatua 16, kila hatua na noti yake, unabonyeza kitufe, inazunguka mpaka uchoke. Ninazozitafuta mimi ni zile zilizopewa ruhusa ya kuasi, na kila nilipopita nilikuta watu wana msimamo wao kuhusu ukubwa wa ruhusa hiyo.

Brussels nilianza kwenye jumba la makumbusho ya ala za muziki, lile lililomo katika duka la zamani la Old England, chuma na vioo vilivyopindwapindwa kwa ufundi wa mwisho wa karne ya 19. Watalii wengi hupanda moja kwa moja hadi juu kutazama mji. Mimi nilikuwa na shida na kitu kimoja, Componium, kinanda kilichojengwa Amsterdam mwaka 1821 na Dietrich Nikolaus Winkel, fundi Mjerumani aliyehamia huko. Kwa umbo ni kabati kubwa. Ndani yake mna filimbi za kinanda, pembetatu ya chuma na ngoma, na moyo wake ni magogo mawili ya mviringo yaliyopigiliwa misumari midogo, kila msumari noti.

Ufundi wenyewe uko hivi. Gogo la kwanza linapiga mizani mbili za wimbo, kisha linanyamaza wakati la pili linapokea mizani mbili zinazofuata, halafu yanabadilishana tena. Gogo lililo kimya linapata nafasi ya kuteleza pembeni kidogo na kuangukia safu nyingine ya misumari, yaani namna nyingine ya wimbo ule ule. Nani anaamua liteleze au lisiteleze? Gurudumu linalozunguka kama lile la kamari na kusimama popote linapotaka. Likisimama upande huu, gogo linahama. Likisimama upande ule, linabaki. Mashine ilipopelekwa Paris mwaka 1824 watu walishuku, na wataalamu, mmoja wao mwanafizikia Jean-Baptiste Biot, waliichunguza wakakiri kwamba kweli inajiamulia.

Sikuisikia ikilia. Lakini ukiielewa, unaona mara moja kwamba Winkel hakuiachia mashine kitu chochote cha hatari. Kila kipande alikitunga yeye mwenyewe au mtunzi wake, na kila kipande kimepimwa kiweze kukaa baada ya kingine chochote. Gurudumu linachagua miongoni mwa majibu ambayo yote ni sahihi. Haliwezi kukosea, kwa sababu hakuna kosa lililowekwa ndani.

Winkel huyu ndiye aliyebuni pia metronomu, kile kidude cha kupiga tik-tak kinachomlazimisha mwanafunzi wa piano asikimbie. Alikitengeneza Amsterdam mwaka 1814. Johann Maelzel akakiona, akakiongezea kipimo, akakisajili kwa jina lake, na mpaka leo watu humtaja Maelzel. Winkel alidhulumiwa, lakini mimi kinachonivutia ni kwamba mkono mmoja ulitoa kifaa kisichosamehe hata robo ya sekunde na kinanda kisichojua kitapiga nini dakika ijayo.

Wazo lenyewe hakulianzisha yeye. Berlin, mwaka 1757, Johann Philipp Kirnberger, mwanafunzi wa Bach, alichapisha kitabu kinachomwezesha mtu asiyejua kutunga atunge dansi za wakati ule kwa kurusha dadu. Baadaye karne hiyo hiyo ukatoka mchezo mwingine uliouzwa kwa jina la Mozart, ingawa hakuna uthibitisho kwamba ni wake: vipande 176 vya mizani moja moja, vimepangwa katika safu 16, kila safu na machaguo 11 kwa jumla ya dadu mbili. Kwa hesabu ya karatasini hizo ni dansi zaidi ya trilioni 45,000. Nimewahi kuurusha jioni nzima na rafiki mpiga piano. Baada ya muda alisema anapiga dansi moja tu inayobadilisha soksi. Sikuwa na la kumjibu.

Berlin ya leo haina haya kama ile ya Kirnberger. Kila mwaka hufanyika huko maonesho ya Superbooth, katika jumba la FEZ ndani ya msitu wa Wuhlheide, lililojengwa enzi za Ujerumani Mashariki kwa ajili ya watoto na vijana. Unashuka kwenye treni ya mjini, unatembea kati ya miti, na kabla hujaona mlango unasikia mivumo. Ndani, meza kwa meza, kuna masanduku yaliyojaa moduli: vibao vyembamba vya alumini, kila kimoja na kazi yake, vimeunganishwa kwa waya za rangi kama utumbo uliomwagika. Kipimo kinachofanya moduli za mafundi tofauti ziingie sanduku moja kiliwekwa na Dieter Doepfer wa huko kusini mwa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990, na bila uamuzi ule nusu ya wafanyabiashara waliokuwa pale wasingekuwepo.

Nitasema ukweli wangu: kwenye meza nyingi nilichoka haraka. Mwoneshaji anageuza nobu ya nasibu mpaka mwisho, noti zinamwagika kama mchele wa gunia lililotoboka, na yeye anakutazama akisubiri ushangae. Kila noti ni mpya, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna hata moja inayoshtua. Sikio linahitaji kwanza lizoee jambo ndipo liweze kushtuka linapobadilika. Mji huu huu ulilijua hilo zamani. Tangerine Dream, vijana wa Berlin Magharibi, walirekodi Phaedra huko Uingereza mwishoni mwa 1973, na sikwensa yao ya Moog ilikuwa ikirudia mstari ule ule wa besi bila huruma. Kilichobadilika ni joto: vyombo vilipopata moto, sauti zake zilianza kuhama taratibu kutoka kwenye ulinganifu, na hilo likabaki kwenye santuri iliyotoka mwaka 1974. Mstari haukuguswa. Ardhi chini yake ndiyo iliyosogea.

Kutoka Berlin nilikwenda Kiel, ambako kuna meli ya usiku inayokufikisha Göteborg asubuhi. Sikwenda kuzuru kiwanda. Nilitaka tu kukaa siku chache katika mji wa Elektron, kampuni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kifaa chao cha kwanza, SidStation, kilichojengwa juu ya chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64. Mimi natembea na sikwensa yao iitwayo Digitakt, niliyoinunua ikiwa imetumika, na hapa ndipo daftari langu lilipojaa, kwa sababu Waswidi hawa wana mawazo ya karani: kila hatua na sharti lake.

Anza bila nasibu yoyote. Weka mdundo wa chini kwenye wimbo, yaani njia moja ya sauti ndani ya mashine, wa hatua 16. Wimbo wa pili, wa matoazi, ukate uwe hatua 15. Wa tatu, wa kengele, uwe na hatua 7. Kila mmoja unazunguka kwa urefu wake, na hawakutani tena mwanzoni wote watatu mpaka zipite hatua 1,680. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni dakika 3 na nusu. Ongeza wa nne wenye hatua 13, unapata dakika 45 na nusu. Ongeza wa tano wenye hatua 11, unavuka saa 8. Mashine haijabahatisha chochote bado. Ni kuzidisha tu. Kuna mtego mmoja: katika ukurasa wa urefu mna urefu mkuu wa mpangilio mzima, na usipouweka kwenye alama ya kutokuwa na mwisho, mashine inazirudisha nyimbo zote mwanzoni kila zikifika pale, na hesabu yako yote inakufa. Vijana wengi wanaolalamika kwamba kifaa chao "hakibadiliki" wameishia hapo.

Brian Eno alikwisha fanya hivi kwa kanda. Kwenye Music for Airports, ya mwaka 1978, kuna kipande cha sauti za waimbaji ambapo kila noti ilikuwa kwenye kipande chake cha kanda kilichounganishwa ncha kwa ncha, na kila kipande na urefu wake. Moja inarudi baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Akaziachia zizunguke.

Baada ya urefu yanakuja masharti. Unashikilia kitufe cha hatua, unazungusha nobu ya sharti, na unaiambia hatua ile ilie kwa uwezekano wa asilimia 33, kwa mfano, au ilie mzunguko wa tatu katika kila mizunguko minne. Asilimia ni nasibu. Ile ya tatu kwa nne ni ratiba. Mgeni huchanganya mambo haya mawili, naye akitaka mabadiliko huweka asilimia kila mahali. Mimi nimejifunza kuziweka chache, kisha kuzifungia nyingine kwao. Kuna sharti linaloandikwa PRE: hatua inalia tu ikiwa hatua yenye sharti iliyotangulia kwenye wimbo huo ililia. Na kuna NEI: inatazama wimbo jirani. Kwa hiyo unaipa kengele moja asilimia 33, halafu ngoma ya wimbo unaofuata unaiambia imtazame jirani. Kengele ikibahatika, ngoma inajibu papo hapo. Kengele ikikosa, ngoma nayo inanyamaza. Ukigeuza sharti hilo kinyume, ngoma inalia pale tu kengele iliposhindwa. Dadu imerushwa mara moja, lakini msikilizaji anasikia watu wawili wanaoelewana.

Katika chumba cha kupanga, dirisha likitazama reli ya tramu, niliiacha mashine ikizunguka huku nikipika wali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusahau kwamba muziki ule niliutunga mimi.

London inakataa ukarani huo wote. Tom Whitwell, kwa jina la Music Thing Modular, alitoa mwaka 2012 moduli inayoitwa Turing Machine, yenye nobu moja kubwa kuliko zote. Niliikuta kwa rafiki yangu, dada mmoja Mkenya anayefanya kazi ya hospitali zamu za usiku na kuchomelea vifaa vya muziki mchana badala ya kulala. Aliichomelea mwenyewe, maana Whitwell aliachia michoro yake wazi tangu mwanzo na moduli huuzwa kama vipande vya kuunganisha.

"Usiniulize inafanyaje, kaka," alinionya. "Zungusha tu."

Nilimuuliza hata hivyo, naye akaeleza hata hivyo. Ndani mna safu ya biti 16, kila biti imewaka au imezima. Kila pigo likija, safu nzima inasogea nafasi moja, na biti inayotoka mwishoni inarudi mwanzoni. Nobu inaamua kama itarudi ilivyo au itageuzwa. Ikiwa katikati, kila biti inayorudi ni shilingi iliyorushwa, kwa hiyo hutasikia mstari ukijirudia. Ikiwa kulia kabisa, hakuna kinachogeuzwa: umefunga kitanzi, na kinazunguka milele. Ikiwa kushoto kabisa, kila biti inageuzwa ikirudi, na kitanzi kinakuwa cha urefu mara mbili. Mahali patamu ni kati ya katikati na kulia, ambapo mstari unajirudia karibu sawa, kisha noti moja inateleza, unaizoea, nyingine inateleza.

Kumbukumbu haina. Ukipata mstari mzuri ukaugeuza kwa bahati mbaya, umekwenda. Dada huyu analipenda hilo kuliko jambo jingine lolote. Yeye hukaa mkono ukiwa juu ya nobu kama mtu anayechota maji kisimani na kungoja ndoo ijae, akisikia kinachomfaa anafunga. Hapo ndipo tofauti na Göteborg ilipo. Kule unaweka masharti kabla, kisha unaondoka ukapike wali. Huku hutungi kitu kabla. Unakaa, unasikiliza, unafunga, unafungua. Paris walikuwa na jibu la katikati: Marbles, ya Émilie Gillet wa Mutable Instruments, iliyotoka 2018, ina nobu inayoitwa Déjà Vu ambayo katikati yake ndiyo kitanzi kilichofungwa, kushoto nasibu tupu, na kulia inazichanganya zile noti ulizokwisha kuzifunga. Kampuni ile ilifunga milango mwaka 2022, na moduli zake bado zinanakiliwa kila mahali kwa sababu programu na michoro yake vilikuwa wazi.

Kampala nilifika kwa basi kutoka Bukoba, kupitia Mutukula. Sikuwa naenda kutafuta mashine. Nilikuwa nimesoma Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda kuanzia mwaka 1959, na nilitaka kuona kwa macho jambo ambalo lilinisumbua kila nilipowasha Digitakt. Makumbusho ya Uganda yako barabara ya Kira. Muyinda mwenyewe alipigia hapo enzi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunza makumbusho, na ala zimo bado.

Amadinda ni vibao 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na wapigaji watatu wanakaa pande mbili wakitazamana. Wa kwanza anapiga mstari wake kwa mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili anaingiza wake katikati ya mapigo yale, noti kwa noti, kama meno ya zipu. Kila mmoja mstari wake ni mfupi, hauna nasibu hata chembe. Lakini kwa kasi ile sikio haliwezi kuwafuata wawili. Linakusanya noti za juu kuwa wimbo mmoja, za chini wimbo mwingine, na unasikia nyimbo ambazo hakuna mkono wowote uliozipiga. Ukigeuza makini yako kidogo, wimbo unabadilika, na wapigaji hawajabadilisha kitu. Hilo ndilo aliloliandika Kubik, na ni kweli, nimelisikia.

Wa tatu ndiye aliyenileta. Ana vibao viwili tu, vya juu kabisa. Kazi yake ni kuchukua kila noti inayoangukia vibao viwili vya chini kabisa, haidhuru aliipiga nani kati ya wale wawili, na kuirudia juu. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga nafasi hiyo alinielewesha kwa Kiswahili cha kuokoteza, na Kiganda changu mimi ni sifuri. Alinyoosha fimbo yake kwenye vile vibao vya chini.

"Hawa wawili ndio mabwana zangu. Wakiita, naitika."

Usiku nilijaribu kuijenga. Nyimbo mbili za hatua 24, moja ikilia kwenye hatua za witiri, nyingine za shufwa. Ngazi ya Waganda hugawa oktavu sehemu tano zinazokaribiana ukubwa, hivyo niliipandisha kila noti kwa nusutoni 2.4 badala ya kufuata piano. Mashine inakubali bila ubishi. Hapo ilisikika vizuri, na zile nyimbo zisizopigwa na mtu zikatokea hata kwenye spika ndogo. Kisha nikafika kwa mpigaji wa tatu, na nikakwama. NEI inajua kama sharti la jirani lilitimia. Haijui jirani alipiga noti gani. Sikupata sharti lolote linalosema: lia ikiwa umesikia noti ya chini. Ilinibidi niandike zamu zake kwa mkono, hatua kwa hatua, na papo hapo akaacha kuwa yule mzee akawa mdundo mwingine tu, maana nikibadilisha noti moja chini, yeye hana habari.

Gurudumu la Winkel halisikii, dadu haisikii, zile biti 16 za Whitwell hazisikii. Zote zinachagua vizuri sana. Ndiyo maana hukumu yangu baada ya miji yote hii inampendelea Whitwell kwa muziki wa kupiga mbele ya watu, kwa sababu nobu yake inamlazimisha binadamu abaki pale akisikiliza, na inawapendelea Waswidi kwa muziki wa kuachwa nyumbani ukizunguka. Meza za Wuhlheide zilizogeuza kila kitu mpaka mwisho sizipendelei kwa lolote.

Msomaji atauliza bei. Moduli ni ghali, sanduku na umeme wake ni ghali zaidi, na ushuru wa forodha huongeza maumivu. Lakini VCV Rack, programu inayoiga masanduku haya kwenye kompyuta, ina toleo la bure, na katika mkusanyiko wa bure wa Audible Instruments utakuta nakala za moduli za Gillet, ile ya nasibu ikiwamo. Weka vitanzi vitatu, vya hatua 16, 15 na 7, usiweke nasibu kwa wiki ya kwanza, na usikilize kwanza kama vinatosha.